Tawi la chama cha wafanyakazi Lamu na maridhiano na jamii asilia: tuanzie wapi?

Katibu_Mokowe

Assalaam aleikum waungwana. Tawi letu lina wanachama wapatao 300, wengi wako bandarini na kwa wakandarasi wake. Mkutano mkuu umepitisha azimio la mstari mmoja: "Chama kiunge mkono maridhiano na jamii asilia za Lamu." Limepigiwa makofi, na sasa liko mezani kwangu.

Tunaowakusudia ni Waaweer wa upande wa Basuba, Wasanye, na wavuvi wa Kibajuni walioondolewa kwenye maji yao ya kuvulia. Kamati imependekeza fulana, siku ya usafi, na mzee mmoja ahutubie Mei Mosi. Mimi sijaridhika.

Naomba wanaojua wanieleze: sheria inaturuhusu tufanye nini hasa? Tukiwaendea hao jamaa, twende kwa njia gani? Na katika mkataba wa pamoja unaokuja, ule wa chama na mwajiri, tuandike nini, si maneno ya kupamba, bali kitu mwajiri atakachobanwa nacho?

Kifungu41

Aleikum salaam, dada Katibu. Fulana ziacheni. Chama kina vitu viwili ambavyo wahisani na mashirika hawana: mlango wa ajira na kalamu ya mkataba wa pamoja. Maridhiano yenu yapitie hapo.

Anzeni kwa kuhesabu. Chukueni orodha ya makato ya ada na orodha ya vibarua wa kila mkandarasi. Ulizeni, kwa hiari, nani ni Mwaweer, nani Msanye, nani ametoka familia ya uvuvi iliyopoteza maji yake. Mtu ajitaje mwenyewe. Msimkisie kwa jina wala kwa sura. Mkiwakuta wote wamejipanga safu ya vibarua, kazi yenu ya kwanza mmeshaipata. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au anayefanya kazi isiyoweza kumalizika chini ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa na mkataba wa kawaida. Ushahidi ni karatasi: kadi ya kuingilia lango, daftari la zamu, ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Ukusanyeni mapema, kwa kuwa mkandarasi akishaondoka huondoka na daftari lake.

Hapo hapo mjazisheni Fomu S, ile ya kuidhinisha ada ya chama ikatwe kwenye mshahara. Mwajiri akishaipokea ana siku 30 kuanza kukata ada. Mtu wa jamii hizi asiwe mgeni wa heshima kwenye mkutano wenu, awe mwanachama mwenye kura.

Kuna watakaosema kumtengea Mwaweer nafasi ni ubaguzi. Someni kifungu cha 5 cha Sheria hiyo hiyo: hatua za makusudi za kuondoa ukosefu wa usawa kazini hazihesabiwi ubaguzi. Katiba, ibara ya 56, inaitaka serikali iweke mipango ya kuwapa walio wachache nafasi maalumu za ajira, na ibara ya 260 inapoeleza "jamii iliyotengwa" inaitaja waziwazi jamii asilia inayoishi kwa kuwinda na kukusanya. Hapo Mwaweer na Msanye wamo bila ubishi.

Angalieni mtego mmoja. Watu hupenda kutaja ile asilimia 30 ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65. Hiyo ni ya nafasi za kuanzia kazi katika utumishi wa kaunti, na inawahusu wasiotoka kabila kubwa la kaunti. Haihusu bandari, na haimtaji Mwaweer. Mkiandika "wenyeji wa Lamu wapewe kipaumbele", nafasi zote zitaishia kwa vijana wa mjini wenye vyeti na wajomba. Andikeni jina la jamii, andikeni idadi, andikeni nani atathibitisha kwamba mtu anatoka huko. Msimwachie mwajiri uthibitisho. Uwe wa wazee wa kijiji pamoja na mwakilishi wa wafanyakazi.

Sasa mkataba wenyewe.

Sifa za kazi: pitieni kazi moja moja muulize cheti kinachodaiwa kina kazi gani. Chukua ufungaji wa kamba za meli gatini. Mtu aliyekulia kwenye mashua anajua fundo, anajua kamba iliyochoka kwa kuipapasa, anajua mkondo unavuta upande gani maji yakijaa. Kumzuia kwa sababu hana cheti cha kidato cha nne ni kumnyima kazi ambayo ujuzi wake anao tayari. Kinachohitajika kweli ni mafunzo ya usalama, basi mwajiri ayalipie.

Kitambulisho: huku ndiko wengi hukwama. Bila kitambulisho hakuna PIN ya KRA ya kodi, hakuna NSSF ya uzeeni, hakuna SHA ya matibabu, na ofisi ya ajira inamweka mtu kando. Dai lenu liwe barua ya ajira itolewe kwa sharti, nafasi ishikiliwe siku 90, na afisa wa mwajiri amsindikize mhusika ofisi ya usajili.

Muda wa majaribio kazini: sheria inaruhusu miezi 6, na kuongezwa hadi 12 kwa makubaliano. Hapa ndipo watu huachishwa kimyakimya. Wekeni kwamba hakuna kuachishwa ndani ya majaribio bila mwakilishi wa chama kuwepo, na mafunzo ya usalama yatolewe kwa Kiswahili, pamoja na mtu wa kufafanua kwa Kiaweer pale panapohitajika.

Wakandarasi: mkataba wa pamoja unambana mwajiri aliyeusaini na wafanyakazi wake, basi. Kama watu wenu wako kwa mkandarasi, vipengele vyote hivyo vitawapita juu. Mlazimisheni mwajiri mkuu kuviingiza katika masharti ya zabuni.

Mkishasaini, mkataba upelekwe Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndani ya siku 14. Unaanza kuwa na nguvu ukisajiliwa. Usiposajiliwa, jasho lote hilo limekwenda na maji.

Mkanda_na_Kusi

Nijibu la pili, la kuwaendea watu.

Kwanza majina. Mwiteni mtu jina analojiita. "Waboni" ni jina la kupachikwa, wao ni Waaweer. Barua ya mwaliko ikianza kwa jina la dharau, hiyo ziara imekufa kabla ya gari kuwashwa.

Pili, mjue wamepoteza nini, kwa undani. Kwa wavuvi, wengi husema tu "bandari imechukua bahari". Hapana. Kusi, upepo wa kusini, ikichacha, dau na mashua ndogo haziwezi kutoka nje ya miamba. Miezi ile mvuvi anaishi kwa maji ya ndani: mlango wa bahari wa Mkanda, ghuba ya Manda, vijito vya mikoko. Huko ndiko anakotega dema, mtego wa samaki, na kutupa mshipi akingoja Kaskazi, upepo wa kaskazini, irudi. Gati na njia ya meli vimekaa papo hapo penye maji ya ndani. Kwa hiyo aliyochukuliwa ni akiba yake ya miezi ya shida, na kumwambia "nenda bahari kuu" bila chombo kikubwa, injini na jokofu ni kumpeleka kwenye kifo.

Mahakama Kuu iliyaona haya Aprili 2018. Ilisema haki ya mazingira safi, ya utamaduni, ya kupewa habari na ya uvuvi wa jadi zilivunjwa, ikaamuru fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Ukigawa sawasawa ni kama shilingi 382,000 kwa mtu, bei ambayo hainunui chombo cha kwenda bahari kuu pamoja na injini yake. Usomeni uamuzi ule kabla hamjakanyaga Pate au Kizingitini. Na mkiuliza nani ameathirika, msiishie kwa mwenye chombo. Kuna baharia asiye na chombo, kuna mama karanga anayekaanga na kuuza samaki, kuna fundi wa madema.

Waaweer hasara yao ni nyingine. Uwindaji ulipigwa marufuku nchi nzima 1977, ukawageuza watu waliokuwa wakila kwa upinde kuwa wahalifu ndani ya msitu wao. Kilichobaki ni asali, mashamba madogo na vibarua. Tangu operesheni ya usalama ya Linda Boni ianze 2015, hata kuingia msituni kurina asali kumekuwa na vizuizi. Hili chama hakiwezi kulitatua peke yake, lakini kinaweza kuacha kulizidisha.

Tatu, utaratibu. Msiite mkutano Mokowe mkawangoja. Kutoka Mangai au Milimani ni safari ya barabara mbovu na ya hatari, na nauli inammaliza mtu. Nendeni nyinyi, kwa wakati waliochagua wao, baada ya kuulizia hali ya usalama. Kwa wavuvi, ulizeni kwanza bamvua na maji mafu, yaani maji makubwa na madogo, mjue lini watu wako pwani, na Ijumaa mchana msiguse. Pitieni kamati ya usimamizi wa ufuo, lakini ombeni pia kikao na wanawake peke yao.

Nne, nisikilizeni vizuri hapa: karatasi ya mahudhurio. Watu wa huku wamechoka kusaini orodha kwa ajili ya nauli na soda, kisha orodha ile ile inatokea kwenye ripoti kuwa "jamii ilishirikishwa na kuridhia". Andikeni juu ya kila ukurasa, kwa herufi kubwa: HII NI ORODHA YA MAHUDHURIO TU, SI RIDHAA. Nakala ya kumbukumbu ibaki kijijini siku hiyo hiyo, iliyoandikwa kwa mkono ikibidi, isingoje kuchapwa.

Tano, kikao cha kwanza msiende na mapendekezo. Nendeni na jambo moja tu, kukiri: kwamba ajira za wanachama wenu zimesimama juu ya maji na ardhi ya watu wengine, na chama kilipojadili mishahara hakikuwauliza. Baada ya hapo nyamazeni mwasikilize.

Winchi_Tatu

Kwa heshima zote, mimi naona tunajitafutia balaa. Kazi ya chama ni mshahara na usalama wa mwanachama. Bandari ilikusudiwa gati 32, zimekamilika tatu, na meli bado ni za kuhesabu. Tukianza kuwapa sauti wanaoshtaki mradi, mwekezaji akiondoka, hao wanachama 300 watakula maridhiano? Na serikali si ilikuwa na tume yake ya ukweli na maridhiano? Kazi hiyo ina wenyewe.

Kifungu41

Ndugu Winchi, hofu yako ni ya haki na wengi bandarini wanayo. Lakini tazama tarehe. Uamuzi wa mahakama ulitoka Aprili 2018, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Mahakama haikuifunga bandari. Iliamuru watu walipwe na leseni ya mazingira iangaliwe upya. Kinachochelewesha mradi ni kuwaruka watu mwanzoni, kwa sababu wakirukwa huenda mahakamani, na huko mambo huchukua miaka.

Kuhusu tume: ripoti yake ilikabidhiwa Mei 2013, na muda iliopewa kuuchunguza ulikuwa kuanzia tarehe 12 Desemba 1963 hadi tarehe 28 Februari 2008. Ujenzi wa bandari ulizinduliwa Machi 2012. Yaani hasara ya Mkanda haimo kabisa ndani ya kazi ya tume ile. Hiyo kazi unayosema ina wenyewe, kwa upande wa bandari haikupewa mtu.

Wapakuzi_wa_Dunia

Niongeze ya nje, kwa kuwa wafanyakazi wa bandari wana historia yao katika jambo hili, na ndugu Winchi ataipenda.

Kule Vancouver, Kanada, mwaka 1906 wapakuzi wa mbao wa mataifa ya Squamish na Tsleil-Waututh waliunda tawi lao la chama. Likajulikana kwa jina la Pinde na Mishale. Watu asilia walikuwa ndio chama chenyewe, hawakukaribishwa na mtu. Kwa hiyo anayesema mambo ya jamii asilia yako nje ya chama cha wafanyakazi anasahau karne nzima.

Australia, tarehe 23 Agosti 1966, Wagurindji, watu asilia wa huko, wapatao 200 wakiongozwa na Vincent Lingiari waliacha kazi kwenye ranchi ya Wave Hill. Wengi walidhani ni mgomo wa mshahara. Kumbe walikuwa wanadai ardhi yao. Vyama vya wafanyakazi havikuwaambia "hilo si letu". Makuli wa bandari ya Darwin walipeleka chakula kwa lori, michango ikakusanywa bandarini, na jambo lile likadumu miaka 9, hadi tarehe 16 Agosti 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam alipomtia Lingiari mchanga wa nchi yake kiganjani. Fundisho la utendaji ni hili: mchango ulikuwa wa vitu vinavyohitajika, ulikuja mfululizo, na madai yaliendelea kuwa ya Wagurindji wenyewe.

Kanada ya sasa ina mambo mawili ya kuigwa. Tume yao ya ukweli ilitoa miito 94 mwaka 2015, na wa 92 unaziambia kampuni zishauriane na watu asilia, ziwape kazi na mafunzo, na ziwafundishe wakubwa wa kazi historia. Mnaweza kuuchukua kama ulivyo mkauweka mezani mbele ya mwajiri. La pili, tangu Septemba 2019 sheria ya kazi ya serikali kuu yao inampa mfanyakazi wa jamii asilia hadi siku 5 kwa mwaka za kwenda kwenye shughuli za jadi kama uwindaji na uvuvi, akishatimiza miezi mitatu kazini. Kasoro yake ni kwamba hazina malipo. Mkiiga, igeni siku, msiige kasoro.

Lingine ambalo matawi hayalijui. Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1989, ndio unaohusu watu asilia, na Amerika ya Kusini vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyopeleka malalamiko mengi chini yake, kwa kuwa jamii zenyewe haziruhusiwi kufika pale moja kwa moja. Kenya haijauridhia, Afrika nzima ni Jamhuri ya Afrika ya Kati peke yake. Lakini namba 111, wa ubaguzi katika ajira na kazi, Kenya iliuridhia 2001, na "kazi" humo haimaanishi mshahara pekee. Uvuvi wa jadi na urinaji asali ni kazi. Chama kinaweza kupeleka maoni yake kwa Shirika hilo kabla ya tarehe 1 Septemba, chenyewe au kupitia COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya: kurasa tatu au nne, vijiji vikitajwa, idadi, tarehe, na nakala ya uamuzi wa 2018. Serikali inaombwa kujibu kwa maandishi. Haigharimu zaidi ya muda na stempu.

Katibu_Mokowe

Mungu awalipe. Nimebakiwa na mawili. Ada ya wanachama naweza kuitumia kwa safari za vijijini na nakala za karatasi? Na zile siku za jadi, mwajiri ataniambia zamu zitavurugika, nimjibu nini?

Kifungu41

Ada: soma madhumuni yaliyomo kwenye katiba ya chama chenu. Kama hayagusi jambo hili, usiguse senti, maana msajili wa vyama akikagua utaulizwa wewe. Njia safi ni mchango wa hiari, fomu yake mbali, akaunti yake mbali. Tuseme watu 200 kati ya 300 wakikubali shilingi 50 kwa mwezi, ni 10,000, kwa mwaka 120,000. Watieni sahihi watu watatu, mmoja awe mteule wa jamii. Pesa hiyo isitoe mikopo wala isinunue kofia.

Pa kuielekeza: ardhi. Waaweer wakitaka kusajili ardhi yao chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, mkutano wa jamii unahitaji akidi ya theluthi mbili, kisha wachague kamati ya watu 7 hadi 15. Jambo linalokwama ni akidi, kwa sababu hakuna orodha safi ya watu wazima na hakuna usafiri wa kuwaleta pamoja. Ardhi isiposajiliwa hushikiliwa na kaunti kwa niaba yao, na ikitwaliwa fidia nayo hushikiliwa huko huko. Lori mbili za siku moja, kompyuta moja na karani wa chama anayejua kupanga majina vinaweza kuwa na thamani kuliko hotuba kumi za Mei Mosi. Karani aandike tu. Asipige kura, asipendekeze wajumbe.

Hotelini_Malindi

Dada, hilo la zamu nimjibu mimi, maana mahoteli tunalijua. Mwambie alete hesabu. Wafanyakazi 12 kwa siku 5 ni siku 60 kwa mwaka. Gawa kwa majuma 52, ni siku moja na kidogo kwa juma. Hoteli ya wafanyakazi 80 hubeba zaidi ya hiyo kwa homa peke yake. Kinachovuruga zamu ni taarifa ya ghafla, kwa hiyo wekeni taarifa ya siku 14, isipokuwa msiba au jambo lisilongoja.

Huku kwetu ni Waata, wa upande wa Galana. Jina la "Walangulo" wamepachikwa na wengine. Hifadhi ya Tsavo ilipoundwa 1948, uwindaji wao wa ndovu kwa upinde mkubwa ukawa kosa la kufungwa. Kwenye mahoteli hatari ni tofauti na bandarini: mwajiri yuko tayari sana kumchukua Mwaata, lakini amsimamishe na upinde bustanini apigwe picha na wageni. Msikubali hiyo ihesabiwe kuwa ajira ya maridhiano. Nafasi iwe na cheo na daraja la mshahara lililomo kwenye jedwali la mkataba.

Maneno yenyewe unaweza kuyaanzia hivi, kisha uyapeleke vijijini wakayakate na kuyaongeza kabla hujamwonyesha mwajiri:

"Mfanyakazi wa jamii ya Aweer, Sanye, au wa familia ya uvuvi wa jadi ya Lamu aliyetimiza miezi mitatu kazini atapata siku tano kwa mwaka, zenye malipo kamili, kwa ajili ya kurina asali, uvuvi wa jadi, mazishi, tambiko au mkutano wa ardhi ya jamii. Siku hizi hazitahesabiwa katika siku 21 za likizo ya mwaka. Atatoa taarifa ya siku 14 kwa maandishi au kwa mdomo mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi, isipokuwa kwa msiba. Hatatakiwa kuleta barua ya chifu."

Hilo la barua ya chifu lishikilieni. Mwajiri atalikataa mara ya kwanza, na likiondoka, ruhusa yote itageuka safari ya kutafuta muhuri.